Kisanduku Kilichomwamini Mjomba

Hadithi hii hamtaiamini, na wala siwalaumu. Ingekuwa ninyi ndio mnaandika na mimi ndiye ninayesoma, ningefika mstari wa pili, nikaguna, karatasi nikaifungia sabuni. Lakini mimi nilikuwepo na ninyi hamkuwepo, kwa hiyo kaeni vizuri mnisikilize. Nataka kuwaeleza habari za mpwa wangu, ambaye kazi yake ni kuziandaa saa za mashine zisije zikapatwa na wazimu mwaka 2038, na jinsi kidole gumba cha mtu aliyeishia darasa la sita kilivyoiokoa kazi hiyo. Darasa la saba nililiona kupitia dirisha. Kidole chenyewe ninacho mpaka leo, anayetaka kukiona aje.

Mpwa wangu huyo ni msichana, tunamwita Dakika. Mama yake ni dada yangu mkubwa, mshonaji wa nguo, mwanamke ambaye akikuambia suruali yako itakuwa tayari Ijumaa, ujue hajakutajia Ijumaa ya mwezi gani. Ukoo wetu wote uko hivyo. Kwetu kuchelewa si tabia, ni umbo, kama masikio. Siku ya harusi ya dada yangu huyo huyo, bibi harusi alifika wageni wakikunja viti. Halafu katikati ya watu wa namna hiyo akazaliwa mtoto ambaye ukimwambia "nakuja sasa hivi" anakuuliza sasa hivi ya saa ngapi.

Alipokuwa darasa la tatu, duka la vifaa vya ujenzi la mtaani liligawa kalenda yenye picha ya maporomoko ya maji. Aliyeichapa sijui alikuwa na usingizi au mapenzi, maana Juni aliipa siku thelathini na moja. Mtaa mzima tuliitundika na hakuna aliyegundua kitu, kwa kuwa sisi tulikuwa tunatazama maporomoko. Asubuhi moja dada yangu anamwamsha mtoto aende shule, mtoto kajifunika shuka mpaka kichwani.

"Mama, leo haipo."

"Haipo vipi?"

"Tazama kalenda. Juni thelathini na moja. Juni haina hiyo siku. Nitaendaje shule siku ambayo haipo?"

Dada yangu akavua kandambili, akaiinua juu. "Na hii ipo?"

"Ipo, mama."

"Basi na leo ipo. Amka!"

Aliamka. Lakini alipotoka shule alikwenda moja kwa moja dukani na kalamu yake, akaomba kalenda zote zilizobaki, akakaa juu ya mfuko wa saruji akiifuta ile siku, kalenda moja baada ya nyingine. Mwenye duka akacheka. "We mtoto, watu wanataka picha. Nani anaangalia tarehe?" Dakika hata kichwa hakuinua. "Mimi," akasema. Mkitaka kumjua mpwa wangu, mmeshamjua. Kilichoongezeka ni urefu na miwani.

Sasa ni mtu mzima, ana shahada ukutani, na anafanya kazi katika kiwanda cha visanduku vya maji. Kisanduku chenyewe ni kidogo, kama nusu mche wa sabuni ya kufulia. Kinafungwa kwenye bomba chini ya ardhi, na kazi yake ni kufungua maji kwa nyumba za upande huu, kuyafunga, kisha kuyafungua kwa nyumba za upande ule, kila mmoja kwa zamu yake. Kikishakamilika humwagiwa ndani gundi nyeusi ili maji yasipenye, nayo ikikauka inakuwa ngumu kama jiwe. Baada ya hapo hakuna wa kukifungua, hata aliyekitengeneza. Kinafukiwa, na kinakaa huko mpaka mtoto anayezaliwa leo awe na ndevu za kunyoa. Kutoka nje kinasikia kitu kimoja tu: kila asubuhi kituo kikuu cha maji hukitumia saa na tarehe kwa redio, nacho kinajirekebisha.

Ndani yake umo mfumo endeshi. Msilikimbie neno. Mfumo endeshi ni kama mnyapara: ndiye anayeiamsha mashine, anayegawa kazi, anayesema wewe fungua, wewe funga, wewe ngoja kwanza. Na mnyapara asiye na saa ni mtu anayepiga kelele tu. Ila saa ya mnyapara huyu haina mishale. Ni namba moja ndefu inayohesabu sekunde tangu siku ya kwanza ya mwaka 1970, moja moja, bila kupumzika. Nilimuuliza Dakika kuna nini kilitokea mwaka huo. Akasema hakuna kitu, walioanza walihitaji tu pa kuanzia. Nikaona kumbe ni watu wa aina yangu.

Shida ni kwamba namba hiyo ilipewa chumba kidogo. Inakua, inakua, na mwezi wa kwanza wa mwaka 2038 chumba kinajaa. Hapo Dakika alitaka kunichorea picha, nikamwambia kaa chini, hayo nayajua tangu hujazaliwa. Ujana wangu nilikuwa geti la uwanja wa mpira, kazi yangu kuhesabu watu kwa kile kidude cha chuma cha kushika mkononi. Mtu akipita, unabonyeza kwa kidole gumba, namba inapanda. Kidude kilikuwa na tarakimu nne. Siku ya fainali watu waliingia kama siafu. Kikafika 9999, akapita mama mmoja na mwavuli wake, nikabonyeza, tarakimu zote zikaviringika zikawa sifuri. Katibu wa timu akaja mbio. "Wameingia wangapi?" Nikatazama kidude, nyuma yangu uwanja unanguruma mpaka bati zinatetemeka. "Kwa mujibu wa chombo," nikamwambia, "hakuna mtu."

"Ndiyo hivyo hivyo, Mjomba," Dakika akasema akicheka. "Ila hiki chetu hakirudi sifuri. Kinapitiliza, kinatumbukia upande wa hasi. Chumba kikijaa tu, mashine inaamini ni mwaka 1901."

"Babu yangu hajazaliwa!"

"Na bomba halijafika mtaani. Kwa hiyo usitegemee maji."

Basi kwa miezi mingi kazi ya mpwa wangu ilikuwa moja, kuipanulia ile namba chumba. Ukisikia hivyo unaona rahisi, vunja ukuta basi. Lakini saa ndani ya mfumo endeshi haikai mahali pamoja. Kila kibarua wa mnyapara anayo nakala yake mfukoni, na mifuko mingine ilishonwa na watu walioacha kazi zamani na hawakumwambia mtu. Dakika alipita kona kwa kona kama anayesaka kunguni kwenye godoro. Kiwandani wakamwona msumbufu. Meneja alimwambia wazi, "Dada, 2038 mimi nitakuwa nimestaafu."

"Lakini utakuwa bado unanawa, bosi."

Hapo alimgusa penyewe. Meneja yule ni mtu wa kunawa. Akishika kalamu ya mtu, ananawa. Akisalimiana nawe, ananawa, na usichukie, ndivyo alivyo. Akakubali. Wakapatana kwamba Jumatatu fungu zima la visanduku litamwagiwa gundi likiwa na msimbo mpya wa Dakika, yaani yale maagizo anayoyafuata mnyapara, kwa sharti moja: kisanduku kimoja kiwekewe tarehe ya siku chache kabla ya ule wakati mbaya, kisha kiachwe kiuvuke chenyewe, bila kuguswa, huku kikifungua na kufunga maji kama kawaida. Kikivuka salama, gundi imwagwe. La sivyo, meneja alisema, hana tena muda wa kungoja, gundi itamwagwa juu ya msimbo wa zamani, na watu wa 2038 watajijua.

Jaribio lilitakiwa lifanyike karakana, lakini kuna mhandisi pale wanamwita Birika. Bwana huyu akitaka chai, na anaitaka wakati wote, anachomoa waya wowote ulio karibu naye na kuchomeka birika lake. Alishayaua majaribio ya Dakika hivyo, tena zaidi ya mara moja. Kwa hiyo Dakika akakibeba kisanduku akakileta nyumbani kwake, ghorofa ya tatu, mahali pasipo na mkono wa mtu.

Alisahau kwamba mkono wa mjomba nao ni mkono.

Mimi nilikuwa kwake kwa sababu paa langu lilikuwa linaezekwa upya. Nilihamia kwa siku mbili, ambazo wakati huo zilikuwa zimeingia wiki ya tatu. Jikoni Dakika alipandisha dumu la maji juu ya kabati, mpira ukashuka mpaka kwenye kisanduku, chini akatega beseni jekundu. Kila baada ya muda kidogo unasikia tak, maji yanachuruzika, tak, yamefungwa. Pembeni kulikuwa na kioo kidogo kama stempu kinachoonyesha tarehe, na vibonyezo viwili vya kuipangia, vya majaribio tu, maana redio alikuwa ameizima kituo kikuu kisije kikakirudisha leo. Juu alibandika karatasi: USIGUSE. Niliisoma. Nikaona hilo ni tangazo la wageni.

Ijumaa asubuhi, tukiwa tunakunywa chai, kikavuka. Dakika alikuwa amekikodolea macho, kikombe kimeganda hewani. Tarehe ikasonga mbele kama hakuna kilichotokea, tak, maji yakaja, na mpwa wangu akaruka akanikumbatia mpaka chai ikanimwagikia. Akampigia meneja palepale. "Kimevuka, bosi! Jumatatu mmwage gundi. Niko tayari." Kisha akavaa viatu akaenda kazini, na mlangoni akageuka. "Mjomba, shika chochote nyumba hii, ila si hicho. Nakiacha kiendelee mpaka Jumapili."

"Nikishike cha nini?"

Sasa nawauliza ninyi wenyewe. Kitu kimevuka. Kazi imekwisha. Sisi wote tuko leo, chenyewe kiko 2038 peke yake, hakina jirani, hakina wa kukisalimia. Huo ni utu? Kufika mchana roho ikaniuma. Nikaona nikirudishe nyumbani. Nilikuwa nimeshamwona Dakika anavyofanya: unashikilia vibonyezo vyote viwili, tarehe inaanza kupepesa, kisha unapandisha au unashusha. Mtu aliyehesabu fainali kwa kidole gumba hashindwi na hilo. Nikashusha mwaka mmoja, nikashusha mwingine, na kila nikibonyeza najiona nazidi kuwa kijana. Nilipofika tarehe ya leo nikaachia. Kisanduku kikanyamaza. Nikasema, haya, kimefika, kimechoka na safari. Nami nikajinyoosha kwenye kochi.

Dakika aliporudi alisimama mlangoni na kiatu kimoja mkononi.

"Mjomba. Mbona kimya?"

"Mimi? Nimeongea tangu asubuhi, sina wa kunisikia."

"Sikuulizii wewe. Kisanduku." Akaingia jikoni, akatazama beseni, akatazama kioo. "Umekigusa."

"Kukigusa sijakigusa. Nimekirudisha tu."

"Umekirudisha wapi?"

"Leo."

Aliketi sakafuni na mkoba wake begani. Mimi nimekasirikiwa na wanawake wengi maishani, dada yangu akiwa wa kwanza, lakini wote walikuwa wakipiga kelele, na kelele unaweza kuijibu. Huyu alikaa tu.

"Nimeshamwambia meneja niko tayari," akasema baadaye, kwa sauti ndogo.

"Si mwambie tena uko tayari?"

"Mjomba!" Kisha akainua kichwa, akakunja uso namna ile ya zamani, ya juu ya mfuko wa saruji. "Hebu ngoja. Tarehe uliyoweka ni sahihi?"

"Ya leo hiyo hapo. Mimi nifanye kazi nusunusu?"

"Na saa ni sahihi. Na chumba nilikipanua. Sasa kwa nini hakitoi maji?"

Akakiunganisha na kompyuta yake, akaanza kusoma, midomo ikicheza. Mimi nikaosha vikombe. Nikaviosha tena. Halafu nikamsikia anacheka, kicheko kisicho na furaha sana.

"Njoo uone ulichofanya. Kabla hujakigusa, kilikuwa kimejiambia: maji nitayafungua tena muda kidogo ujao. Muda wa 2038. Ukaja wewe ukakiambia, 2038 gani, bado kabisa. Nacho kimekuamini. Kimekaa hapo kinaingoja 2038 ifike, ndipo kifungue."

"Miaka yote hiyo?"

"Kina subira kuliko ukoo wetu wote."

"Basi pole, kimekosa bahati kuwa karibu na mimi. Huko chini ya ardhi hakina mjomba, nani atakidanganya?"

Nilisema hivyo kujitetea, sikuwa na maana nyingine. Lakini Dakika alinitazama kama nimemmwagia maji baridi.

"Kituo kikuu," akasema. "Kila asubuhi kinakitumia saa. Na mashine ya kituo kikuu ni ya zamani, si yetu, hakuna anayeipanulia chochote. Itajaa. Itaviambia visanduku vyote leo ni 1901, na visanduku vyangu vitasema ndiyo bwana. Mtaa mzima utakaa bila maji, na hakuna wa kufukua, maana vimejaa gundi." Akavua miwani. "Nimehangaika kisanduku kisijidanganye chenyewe. Sikukifundisha kumkatalia mwongo."

Simu ikaita, dada yangu huyo, kutoka kwenye cherehani yake. Nikamweleza, maana mtoto alikuwa amerudi kwenye kompyuta. Dada yangu akasema nimpe simu, na kwa sauti aliyonayo nilisikia bila kutaka.

"Mwanangu, huyo meneja si alishasema ukikosea anamwaga gundi juu ya ule wa zamani? Sasa ukaseme nini? Cha kwako kibovu kidogo si afadhali kuliko cha zamani kibovu chote? 2038 ni mbali. Nyamaza tu."

"Na ni kweli, mama. Nani anaangalia tarehe?"

Dada yangu akasimamisha cherehani. Ile kalenda anaikumbuka, kandambili yake pia anaikumbuka. "Haya," akasema mwishowe. "Kaseme. Lakini umchukue na huyo mjomba wako, asibaki kwenye nyumba peke yake."

Jumatatu tukaenda. Nilivaa koti langu la harusi, kwa kuwa kidole kilikuwa kinakwenda kazini. Karakana ni chumba kirefu chenye meza za bati, visanduku vimepangwa juu yake wazi kama samaki waliopasuliwa, na mwisho wa chumba mafundi wawili wamejifunga aproni, mmoja anakoroga ndoo ya gundi kwa mti, mwingine ameshika faneli. Birika alikuwa kwenye kona yake, na mvuke wake. Meneja alikuwa anapima gundi kwa ncha ya kidole.

"Bosi, naomba isimwagwe," Dakika akasema.

Mkorogaji akaacha kukoroga. Meneja akageuka polepole, kidole cheusi kimesimama. "Dada. Miezi yote hii umetusumbua tukusikilize. Tumekusikiliza. Ijumaa umenipigia simu, umesema uko tayari. Leo unaniambia nini?"

"Nilikosea."

"Basi na mimi nilikwambia. Mimi sina muda mwingine. Kama wako haufai, turudishe wa zamani tumwage mchana huu. Nyie, rudisheni." Na kwa kuwa kidole kilikuwa na gundi, akaelekea kwenye sinki.

Hapo lazima niwaeleze sheria moja ya kiwanda kile, nzuri sana. Sinki la karakana halina koki ya kawaida. Linaendeshwa na kisanduku chao wenyewe, chenye msimbo mpya kuliko wote, ili ulichotengeneza ndicho unachonawia. Maji yanakuja kwa zamu, kama mtaani. Wote pale wamezoea: unajipaka sabuni kwanza, ukimaliza kusugua, tak, maji yanakuja. Meneja akaanza kujipaka. Dakika akanisogezea kiwiko.

"Mjomba, kile pale juu ya sinki. Kirudishe nyuma."

"Mpaka lini?"

"Popote, mradi iwe uongo."

"Nikipeleke mwaka niliozaliwa?"

"Wa kweli, au ule unaowaambia watu?"

Nilisogea kando ya meneja kama mtu anayetafuta taulo. Nikashikilia vibonyezo viwili, nikashuka. Yeye anasugua, anaendelea kuongea na mafundi juu ya bega. Alisugua viganja, akaja katikati ya vidole, akaja mpaka kwenye viwiko, povu likamjaa kama kondoo. Maji hayakuja. Akagonga bomba kwa kiwiko. Hayakuja.

"Hili nalo lina nini? Birika, umechomoa?"

"Leo sijachomoa, bosi. Naapa."

"Maji yako wapi?"

"Yatakuja, bosi," Dakika akasema. "Kingoje tu kimalize kuishi umri wote wa mjomba wangu."

Meneja akanitazama. Nikaona anapiga hesabu ya umri wangu, na nikaona haikumfurahisha. Povu lilianza kumkaukia. Dakika akamweleza palepale, haraka, kabla hajapata pa kufutia mikono: mjomba ni mtu mmoja, amekidanganya kisanduku kimoja, na bosi mmoja amekosa kunawa. Kituo kikuu kitavidanganya visanduku vyote kwa asubuhi moja. Msimbo wa zamani utaanguka wenyewe, huu mpya utaangushwa na jirani, na gundi ikishamwagwa hakuna wa kuvinyanyua. "Nipe muda nikifundishe mambo mawili. Muda wa kungoja kikihesabu kwa mapigo yake chenyewe, tangu kilipoamka, bila kutazama kalenda. Na mtu akija kukirudisha nyuma sana, kisimkubalie hivi hivi."

"Na gundi imeshachanganywa," meneja akasema. Mikono ameinyanyua mbele kama daktari wa upasuaji. Akatazama ndoo, akatazama visanduku, akatazama tena povu lake, ambalo sasa lilikuwa linawasha, naona, maana alikuwa anachezesha vidole. Kumbukeni kwamba huyu ni mtu aliyesema 2038 atakuwa amestaafu. Lakini hakuna anayestaafu kunawa.

"Waache gundi," akasema. "Na mtu aniletee maji kwa kikombe."

Birika akamletea ya birika. Kidogo amuunguze.

Gundi ile iligandia ndoo, na mti wa kukorogea ukasimama katikati yake kama mlingoti. Ipo mpaka leo, wanazuilia mlango wa karakana. Na Dakika alirudi kwenye kunguni wake. Siku hizo nyumbani kulikuwa hakuna stori. Unamuuliza tule nini, anakujibu kuhusu mapigo. Akatoa kalenda kwenye kila kona ambako mfumo ulikuwa unangoja kitu, akaweka kihesabio kisichojua kurudi nyuma, hata ukifanyeje. Paa langu likaisha, sikuondoka. Nilimwambia siwezi kumwacha wakati kama huu, na yeye akasema angeshukuru sana kama ningeweza.

Alipomaliza, waliniita rasmi. Siwatanii. Kiwandani kwao sasa kuna jaribio linaitwa Jaribio la Mjomba, na hakuna kisanduku kinachomwagiwa gundi kabla hakijalipita: mtu anakaa mbele yake na kukidanganya kwa kila namna anayoijua. La kwanza, nani mwingine wa kulifanya? Nilikaa kwenye kiti, koti la harusi, kidole nimekinyoosha. Meneja kajipaka sabuni, amesimama kwenye sinki, macho yamemtoka. Dakika kajishika shingo, maana hili likianguka hakuna nafasi nyingine. Nikakiambia ni 1901. Kimya. Kioo kikawaka: TAREHE HAIAMINIKI. Halafu, tak, maji. Nikakiambia ni mwaka wa fainali yangu. TAREHE HAIAMINIKI. Tak, maji. Nikakipeleka 1970, nikakipeleka siku niliyozaliwa, zote mbili, ya kweli na ile nyingine. Maji. Watu wengi wameniambia maneno yale maishani, lakini hakuna aliyeniambia kwa upole kama kile kisanduku.

Meneja akanawa, akasuuza, akanawa tena kwa raha tu. "Mwageni," akasema. Na mpwa wangu, ambaye hajawahi kuchelewa popote, aliketi juu ya ile ndoo ya gundi mlangoni akakaa hapo mpaka kazi ya siku ilipokwisha, anawatazama wakimwaga, kisanduku kimoja baada ya kingine, huku anatabasamu peke yake.

Na mimi je? Mimi ndiyo hiyo sehemu msiyoitaka kuiamini. Maji yalipotoka mara ya mwisho, meneja alitupa taulo hewani akapiga magoti mbele ya kidole changu, milango ikafunguliwa, wafanyakazi mia tatu wakamiminika wakiimba, wakaninyanyua mabegani na kiti changu, wakanizungusha kiwanda mara saba, mbele yangu gari la zimamoto likirusha maji juu kwa heshima, wahandisi wazima wakilia kama watoto, nami nikawapungia mkono nikasema, ndugu zangu, mimi ni mtu wa kawaida tu, ila siku ile ya fainali, mbele ya watu laki mo

"Mjomba."

Yuko nyuma ya kiti changu, sijui tangu mstari upi, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi.

"Tulikuwa watu sita, Mjomba. Na Birika alikuwa amechomoa taa achemshe chai."